Kegi iliyobaki nusu: kuichukua, kuihifadhi, au kununua ndogo mpya?

Sherehe imeisha, watu wameondoka, pale kwenye kona kuna kegi, lile pipa la chuma la bia, ya lita 50 na mwenye nayo anakwambia kaka hii bado nusu, nipe chochote uondoke nayo. Hapo ndo wengi tunakosea, maana swali la kwanza linalotutoka ni imebaki kiasi gani, wakati swali la kuuliza ni jingine kabisa: bia iliyotoka humo, nafasi yake imejazwa na nini? Kegi haikai na nafasi tupu hivi hivi, kila glasi inayotoka kuna kitu kinaingia kushika nafasi yake, na kitu chenyewe ni ama gesi ya CO2 (kabonidioksidi) ama hewa hii hii tunayovuta. Hilo peke yake linaamua kama unanunua bia ya mwezi mzima au bia ya usiku huu tu. La pili linalofuatia kwa karibu ni baridi. Vingine vyote nitakavyosema hapa chini vinaning'inia kwenye hayo mawili.

Nianze na pampu ya mkono maana ndo inayokutwa kwenye sherehe nyingi. Unabonyeza juu chini, bia inatoka, haihitaji mtungi wala mtu mwenye utaalamu wowote, na kwa kazi iliyotengenezewa inafaa sana. Ila inachosukuma mle ndani ni hewa, na hewa ina oksijeni asilimia 21. Sasa chukua kegi ya lita 50 iliyobaki nusu, juu ya bia kuna nafasi ya lita 25, kwa hiyo hata tusipohesabu kwamba hewa yenyewe imeshindiliwa tayari una zaidi ya lita 5 za oksijeni zimekaa juu ya bia yako. Viwanda vya bia oksijeni inayoyeyuka kwenye bia wanaipima kwa sehemu kwa bilioni, wanahangaika na mashine za bei mbaya ili isiingie hata chembe, afu sisi tunakuja kuisukuma kwa mkono. Bia iliyopigwa pampu inaanza kubadilika ndani ya masaa, ukilala ukaamka bado inanyweka ila ladha imeshashuka, kesho kutwa ndo utaipata ile ladha ya boksi lililoloa maji na gesi imekwisha. Mi kikomo changu ni masaa 24 toka pampu ya kwanza ipigwe, na hapo iwe imekaa kwenye barafu muda wote.

Upande wa pili ni mtungi wa CO2 wenye regyuleta, kile kifaa cha kupunguza na kudhibiti presha ya gesi. Hapa nafasi ya bia iliyotoka inashikwa na gesi ile ile ambayo tayari iko ndani ya bia, oksijeni haiingii, na presha inabaki juu ya bia kwa hiyo povu na mchomo wa gesi havipotei. Ikikaa kwenye baridi ya nyuzi 3 hadi 4, kegi iliyofunguliwa kwa CO2 inakwenda wiki 6 mpaka 8 vizuri, mradi haikuwa imeshazeeka kabla ya kufunguliwa. Sisemi kwamba siku ya 50 itakuwa sawasawa na siku ya kwanza, bia zenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) zile za kunukia maua na machungwa zinapoteza harufu mapema hata zikitunzwa vipi, lakini lager ya kawaida au bia nyeusi nzito utakunywa mwezi wa pili bila manung'uniko.

Kwa hiyo ukiwa na kegi mbili mbele yako, moja imebaki lita 30 imepigwa pampu toka jana na nyingine imebaki lita 12 iko kwenye CO2, chukua ya lita 12 bila kufikiria mara mbili. Nilishawahi kufanya kinyume chake. Nilibeba kegi nzito ya pampu nikifurahia uzito wake, nikaizungusha kwenye gari, nikaiweka kwenye baridi nikijua nina wiki mbili za raha, siku ya nne nikamwaga karibu yote na iliniuma kweli maana bia ile mtu aliipika kwa uangalifu mkubwa. Safari ile ya kwenye gari ndo iliyomaliza kila kitu, hewa ya juu na bia ya chini vilitikiswa pamoja kama mtu anayetikisa maziwa, oksijeni ikayeyuka kwa wingi ndani. Kegi ya pampu kama lazima uihamishe basi iende taratibu ikiwa imesimama wima, usiilaze.

Kuna watu wanauliza, je nikichukua kegi iliyopigwa pampu afu nikaifungia CO2 haraka, inapona? Inasaidia kwa kiasi. Ondoa kichwa cha pampu (kichwa ni kile kifaa kinachofungwa juu ya kegi), funga kichwa cha gesi, pandisha presha mpaka kama baa 1, baa ni kipimo cha presha, kisha vuta ile pete ya kutolea presha mpaka itulie, rudia mara 5 hivi. Kila mara unapofanya hivyo hewa iliyobaki juu inapungua karibu nusu, kwa hiyo mara ya tano imebaki kidogo sana, kama asilimia 3 ya ile ya mwanzo. Lakini oksijeni iliyokwisha yeyuka ndani ya bia haitoki kwa njia hiyo, ndo maana muda una maana kubwa: ukifanya usiku ule ule sherehe ikiisha umepata wiki moja mbili za bia nzuri, ukifanya kesho jioni umechelewa. Hata kama huna CO2 kabisa we toa tu kile kichwa cha pampu, valvu ya kegi inajifunga yenyewe, angalau gesi iliyopo haitaendelea kuvuja usiku kucha.

Kabla hujatoa hela kuna mambo ya kuangalia na hayachukui hata dakika kumi. Tarehe kwanza, iko kwenye kifuniko cha plastiki, kwenye lebo ya shingo, au imepigwa mhuri. Bia ya kegi ambayo haijapashwa moto kuua vijidudu inapewa kama siku 45 hadi 60 toka ijazwe ikiwa kwenye baridi, iliyopashwa inakwenda siku 90 hadi 120, kwa hiyo kegi nusu ambayo tarehe yake imebakiza siku 5 usiipangie mipango ya mwezi. Afu muulize ilikaa wapi. Watu wa bia wana kanuni yao inaitwa 3-30-300, kwamba bia inazeeka kiasi kile kile kwa siku 3 kwenye joto la nyuzi 32, siku 30 kwenye nyuzi 22, na siku 300 kwenye nyuzi 3. Ni makadirio ila yanaonyesha kitu cha kweli, wikiendi moja kwenye chumba chenye joto inakula miezi ya uhai wa bia. Kegi iliyokaa nje juani jana nzima hata kama iko kwenye CO2 mi naiacha.

Kiasi kilichobaki kipime, usikisie kwa kutikisa maana unaharibu. Kegi tupu ya chuma ya lita 50 ina kilo kama 10 hadi 14, nyingine uzito wake mtupu umegongwa kwenye ukingo wa juu, na lita moja ya bia ni kilo moja na ushee kidogo. Panda kwenye mizani ya bafuni ukiwa umeibeba na mtu mwingine asome namba, au iweke yenyewe juu. Ikisoma kilo 38 na chuma ni 12 basi una bia lita 25 au 26, ni glasi 50 za nusu lita kwa hesabu ya karatasi, kwa uhalisia toa povu na mabaki ya chini utapata kama 45. Kama hamna mizani mwagia maji ya moto kidogo ubavuni afu pitisha kiganja kuanzia juu kushuka, pale chuma kinapogeuka ghafla kuwa baridi ndo bia inapoanzia.

Kisha onja. Glasi ya kwanza imwage maana ile ilikuwa imelala ndani ya mpira wa kutolea bia, onja ya pili. Ladha ya karatasi au boksi ni oksijeni, hairudi nyuma hiyo. Ladha ya siki ni vijidudu, na vile vinavyotengeneza siki vinahitaji hewa ili vifanye kazi, ndo maana utaikuta zaidi kwenye kegi za pampu. Ladha ya siagi inaweza kuwa ya bia yenyewe ila mara nyingi ni mpira mchafu, hapo unaweza kubahatika, ukifunga mpira safi bia inarudi kuwa nzuri. Bia iliyoharibika hivi haikuumizi, pombe na ule uchachu wake na hopsi vinazuia vijidudu vya magonjwa kukua, ila utakuwa umelipia kitu ambacho hutafurahia.

Na kichwa cha kufungia. Hili linasahaulika mno. Kegi hazifanani juu, kuna aina inaitwa D inayotumika sana Marekani, kuna S ya Ulaya, kuna A ya kuteleza kutoka pembeni ambayo viwanda vingi vya Ujerumani wanaitumia, kuna G, U na M pia. D na S ukiziangalia harakaharaka ni mapacha lakini ulimi wa S ni mrefu zaidi na ukilazimisha unaweza kuharibu valvu au kumwagiwa bia. Piga picha sehemu ya juu ya kegi kabla hujaenda kutafuta kichwa chake. Kama bia ni stauti ya naitrojeni ile yenye povu zito la krimu basi jua inahitaji mtungi mwingine wenye mchanganyiko, naitrojeni kama asilimia 70 hadi 75 na CO2 iliyobaki, presha yake iko juu kama psi 30 yaani baa 2 hivi, ukiiweka CO2 tupu kwa presha hiyo baada ya siku chache itakuwa povu tupu. Mtu anayeanza namshauri aiache.

Sasa tuseme umeshaichukua, unaihifadhi wapi? Njia ziko kama tatu na nitazilinganisha kwa namna ninavyozijua kwa mikono.

Beseni la barafu ni la usiku mmoja. Weka barafu na maji pamoja, barafu peke yake bila maji inagusa chuma sehemu chache tu lakini maji yanazunguka kila upande, kegi ya moto inapoa ndani ya masaa machache badala ya siku nzima. Hakikisha maji yanapanda mpaka usawa wa bia, kama kegi imebaki nusu hiyo ni rahisi zaidi. Kulea kegi kwa barafu wiki nzima hapana, utachoka kubadilisha na siku moja utasahau, bia itapanda joto ishuke ipande tena.

Friji la kawaida lililotolewa mashelfu linafanya kazi nzuri kama kegi inaingia. Pima kwanza, lita 50 ina kimo cha sentimita 53 hadi 60 kutegemea aina na upana karibu 40, juu yake uache nafasi ya kichwa na mipira, na chini weka ubao imara maana ikijaa ni zaidi ya kilo 60 na sakafu ya friji ni plastiki nyembamba. Faida yake tayari lina themostati yake ya kuongeza au kupunguza baridi. Tatizo la friji nyingi za nyumbani ni kwamba zinakaa kwenye nyuzi 6 au 7 na mlango unafunguliwa mara hamsini kwa siku, kwa hiyo kama ni friji ile ile ya chakula cha familia utagombana na kila mtu na bia nayo haitatulia.

Friza la kulala lenye kidhibiti joto cha nje ndo ninalolipenda mimi. Kidhibiti unakichomeka kwenye umeme, friza unalichomeka kwenye kidhibiti, kihisio unakifunga ubavuni mwa kegi kwa tepu, unaweka nyuzi 3 linajizima na kujiwasha lenyewe. Usikiache kihisio kining'inie hewani, litawaka na kuzima kila dakika na kompresa itakufa mapema. Na usisahau kukiweka maana friza bila kidhibiti litagandisha bia, bia ya kawaida inaanza kuganda kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Ukitaka kutoboa upitishe mpira toboa kifuniko au ongeza fremu ya mbao katikati ya friza na kifuniko utoboe hiyo, kuta za friza zina mabomba ya gesi ya kupozea yamefichwa na ukitoboa moja tu umepoteza friza zima.

Presha. Kwenye nyuzi 3 weka kama baa 0.8 ambayo ni psi 12, bia nyingi za kawaida zitabaki na gesi yao ile ile ya kiwandani. Kama friji lako liko nyuzi 7 itabidi upande mpaka psi 15 au 16, kwa sababu bia ikiwa na joto gesi inataka kutoka na presha ndo inayoizuia. Watu wanaona povu limezidi wanakimbilia kushusha presha, kumbe wanazidisha tatizo, ukishusha presha gesi inatoka ndani ya bia ikiwa bado kwenye mpira inatengeneza mapovu humo humo, glasi inajaa povu zaidi na bia iliyobaki inapoteza gesi siku hadi siku. Povu likizidi angalia kwanza joto, kisha kama kegi imetikiswa iache itulie siku moja, kisha urefu wa mpira. Mpira wa ndani milimita 5 hivi uwe na mita 1.5 hadi 3, ule mfupi wa nusu mita unaokuja na vifaa vya sherehe unatoa bia kwa kasi kama bomba la kuzimia moto.

Mtungi wa kilo 2 na kitu unatosha kegi kadhaa za lita 50, kwa hiyo gharama ya gesi yenyewe ni ndogo, kinachouma ni kununua regyuleta na kichwa mwanzoni. Ukiuweka mtungi ndani ya baridi usishtuke ukiona mshale wa presha ya mtungi umeshuka kutoka kama baa 57 kwenye chumba chenye nyuzi 20 hadi kama 38, haijavuja hiyo, ndo tabia ya CO2 iliyo kimiminika, kujua imebaki kiasi gani pima uzito wa mtungi. Lakini uvujaji nao upo, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo siku ya kwanza uangalie mapovu. Hapa nawaomba muwe makini kweli: CO2 ni nzito kuliko hewa, inajikusanya chini, kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha au ghala la chini ya nyumba inaweza kuua mtu bila kelele. Mtungi usimame wima, ufungwe usianguke, na kamwe usiufunge kwenye kegi bila regyuleta. Na kegi yenyewe usijaribu kuichokonoa kutoa ule mrija wa katikati ikiwa na presha, unaruka kama risasi, watu wameumia usoni kwa hilo.

Kuna njia ya nne ambayo wapishi wa bia nyumbani wanaijua sana na wengine hawajaisikia, nayo ni kuihamisha. Kama huna friji la kubeba kegi ya lita 50, unahitaji kegi ndogo ya Corny, ile ya lita 19 ambayo zamani ilikuwa ya soda, nyembamba, inaingia sehemu nyingi. Unaijaza maji yenye dawa ya kusafishia mpaka juu, unayasukuma yote nje kwa CO2 ili ndani ibaki gesi tupu bila hewa, kisha unaunga mpira kutoka njia ya bia ya kegi kubwa mpaka kwenye njia ya bia ya Corny. Vyote viwili viwe baridi na presha sawa, halafu unaachia gesi ya Corny kidogo kidogo na bia inahama taratibu kutokea chini bila povu na bila kuona hewa. Kegi iliyobaki lita 25 inakupa Corny moja iliyojaa na chupa chache za leo jioni, na kegi kubwa unairudisha kesho yake asubuhi. Kazi yake ni saa moja hivi na naona ndo jibu bora kwa mtu anayeishi sehemu ndogo, ila usiifanye na bia iliyopigwa pampu, utakuwa unahamisha matatizo kutoka chombo kikubwa kwenda kidogo.

Wasio na Corny wanajaza chupa. Chupa za plastiki za soda ni nzuri kuliko za kioo kwa hili maana zimetengenezwa kubeba presha na unaweza kuzibinya mpaka bia ifike mdomoni ndo ufunge, hewa haibaki. Jaza taratibu ikiwa baridi sana kwa mpira unaofika chini ya chupa. Siku 2 au 3 kwenye friji ni nzuri, ukifungua moja imalize siku hiyo hiyo. Kwa lita 25 hizo ni chupa nyingi kwelikweli kwa hiyo njia hii inafaa kama imebaki lita 6 au 8.

Sasa ulinganishe na kutokununua ya nusu kabisa. Kegi mpya ya lita 20 hivi, nyembamba, upana wake kama sentimita 24, inaingia friji nyingi ikiwa imesimama, tarehe yake unaijua, hakuna aliyeigusa, na kwa nyumba ya watu wawili inaisha kabla haijachoka. Lita kwa lita utalipa zaidi ya ile ya nusu unayopewa kwa bei ya kutupa, ni kweli. Lakini ile ya nusu ya bei ya kutupa kama ukimwaga theluthi yake na umenunua kichwa ambacho hutakitumia tena, hesabu inageuka. Kama tayari una mtungi, regyuleta, kichwa kinachoingia na friza, kegi ya nusu iliyotunzwa kwenye CO2 ni mali safi kabisa chukua. Kama huna hata kimoja na unataka bia ya kunywa moja moja jioni, anza na ndogo mpya. Au hata kile kikegi cha lita 5, japo hapo napo kuna aina mbili: kinachotumia hewa kuingia kwa juu unakimaliza siku hiyo hiyo au kesho yake, na chenye gesi yake ndani, mfano ule wa Heineken, kinakaa mpaka siku 30 baada ya kufunguliwa kikiwa kwenye baridi.

Zipo pia kegi za plastiki za kutumika mara moja kama KeyKeg, ndani zina mfuko na bia iko ndani ya mfuko, kinachosukuma kinakaa nje ya mfuko. Hizo hata zikisukumwa kwa hewa, hewa haigusi bia. Ukikutana na ya aina hiyo imebaki nusu, lile swali langu la mwanzo la pampu au gesi halina uzito tena, angalia tarehe na baridi tu.

Piga na hesabu ya midomo. Lita 25 kwa watu 10 ni glasi 5 za nusu lita kila mmoja, hiyo ni jioni moja ndefu na pampu inatosha kabisa huna haja ya mtungi. Lita 25 kwa mtu anayekunywa glasi moja kwa siku ni siku 50, hapo ni CO2 na baridi au usinunue. Katikati, watu watatu wanne kwa wiki moja, ndo pale pa kubadilisha kichwa usiku ule ule kama nilivyoeleza. Na tafadhali usije ukawalazimisha watu wanywe haraka kisa bia itaharibika, bora imwagike chini kuliko mtu arudi nyumbani akiwa hajiwezi.

La mwisho ni kegi yenyewe, lile chuma. Karibu mara zote ni mali ya kiwanda cha bia, aliyeichukua kwanza aliweka dipoziti na jina lake liko kwenye daftari la duka. Kwa hiyo mkubaliane kabla hujaibeba: nani anairudisha, lini, na dipoziti inarudi kwa nani. Mi huwa namlipa mwenye nayo bia tu, dipoziti inabaki yake, na nampa tarehe kabisa kwamba Jumamosi ya wiki fulani nakuletea ikiwa tupu. Ulizia na sheria za ulipo kuhusu mtu binafsi kuuza pombe, sehemu nyingi kuuza bila leseni ni kosa hata kama ni mabaki ya sherehe, na mwenye nayo akikuachia bure ukamsaidia kuirudisha hakuna mwenye shida. Usiikate, usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ikirudi kiwandani inaoshwa inajazwa tena, na ukishairudisha siku hiyo hiyo osha mpira na koki kwa dawa yake, na kama kegi bado iko kwenye friza iwe kila baada ya wiki 2.